Nimeuza taa miaka ishirini, binti yangu kanishinda kwa kitochi cha kiganjani

Wakuu, heshima zenu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe wiki iliyopita, na sehemu inayoniaibisha nimeiacha humu humu.

Niko Muscat. Naishi Al Amerat, duka langu la taa liko Khuwair ya Kusini. Miaka ishirini nauza taa, kwa hiyo mambo ya mwanga sipendi kufundishwa.

Binti yangu Ilham anasoma fizikia chuo kikuu. Mimi nilitaka ahamie biashara. Fomu ya kuhama niliijaza mwenyewe, ikabaki saini yake tu.

Kisa? Alikuja na habari za kwanta. Eti mwanga haumiminiki kama maji, unakuja kwa vipande, na ukubwa wa kipande unategemea rangi.

Nikamwambia huo upuuzi. Nguvu ya taa ni wati, muulize baba yako!

Akasema: "Baba, nnakuomba dakika kumi tu. Nikishindwa, nnatia saini sasa hivi. Nikishinda, hiyo fomu waichana."

Nikacheka. Nikajua kazi imekwisha.

Akachukua tasbihi ya mama yangu, aina ile inayong'aa gizani ikishamulikwa. Alikuwa ameifungia kwenye boksi tangu jana yake mpaka imezimika kabisa. Tukaingia stoo ya dukani, mchana kweupe, tukaziba mlango kwa blanketi.

Mimi nilibeba taa nyekundu kubwa kuliko zote dukani, ile ya kupambia kuta za majumba wakati wa sherehe. Yeye ana kitochi cha zambarau.

Nikaimulika tasbihi dakika tano nzima. Stoo yote nyekundu, jasho linanitoka. Nikazima.

Giza. Hata punje moja haikung'aa.

Ilham akawasha kitochi chake, akahesabu mpaka tatu, akazima. Tasbihi nzima ikawaka kijani mkononi mwake. Wakuu, nywele zilinisimama.

Nikasema rudia. Tukangoja izimike, zile dakika kumi zikapita tukazisahau, akarudia. Mara tatu! Majibu yale yale.

"Baba, vipande vya nyekundu vidogo, vya zambarau vikubwa. Elektroni, vile vijichembe vya ndani ya punje, kila moja yapigwa na kipande kimoja kimoja, haikusanyi. Watoto mia wafupi wakiruka ukuta, havuki hata mmoja. Mrefu mmoja tu, khalas, keshavuka."

Nikamuuliza nani aliyagundua haya.

Akaniambia ilianzia kwenye vitu vya moto. Zaidi ya miaka mia iliyopita wataalamu walikuwa wanahangaika na rangi ya chuma kinapopashwa: kinaanza chekundu, joto likizidi kinaelekea weupe. Hesabu zao ziligoma. Zilidai kitu cha moto kimwage mwanga wa zambarau na zaidi ya zambarau bila kikomo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Mjerumani mmoja akajaribu kuhesabu nishati kwa mafungu badala ya mtiririko. Hesabu ikakubali. Mwenyewe hakuipenda, akaona ni ujanja tu wa kupitia hapo. Baadaye akaja mwingine akasema mwanga wenyewe ndivyo ulivyo.

Yule wa kwanza nimemvulia kofia. Jibu hulitaki, lakini ndilo lililokubali, unaliandika. Mimi ushahidi ulikuwa unang'aa mbele ya macho yangu na bado nilisema rudia.

Nikaitoa fomu mfukoni, nikaichana pale pale. Nikamwambia umeshinda, hongera.

Nilidhani atarukaruka. Akaishika tu ile tasbihi, akasema taratibu:

"Wallahi baba, hata baada ya kushinda ningetia saini kama ungetaka. Nilitaka tu ukione kile unachoniambia nikiache."

Sioni haya kuwaambia kuwa nililia, na taa ilikuwa imezimwa kwa hiyo nilijiachia.

Somo nililopata: kabla hujamtoa mtoto kwenye jambo, mwambie kwanza akuonyeshe. Nilikuwa naelekea kumkatisha kitu kizuri kwa sababu tu mimi sikukielewa.

Wenye watoto wanaosoma msiyoyajua, mmewahi kukaa nao wakawaonyesha? Na nyie wa fizikia, kama nimekosea mahali nirekebisheni. Siku hizi nasikia.