Mama Mkwe si Antena

Kinyozi waliyemwita Msasa alipewa jina hilo kwa kazi ya mikono yake. Ukitoka kwenye kiti chake, kisogo chako kilikuwa laini hata nzi akitua anateleza. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja karibu na soko, yenye kioo kilichopasuka pembeni na benchi ambalo watu walikaa hata wasipokuwa na nywele za kunyoa. Msasa alipenda hivyo. Alikuwa mtu wa maneno, na mtu wa maneno hawezi kuzungumza na kioo siku nzima.

Kitinda mimba wake alimshinda kwa maneno. Binti huyo waliyemwita Chiriku alisema usingizini, alisema huku chakula kimejaa mdomoni, na asipokuwa na mtu alisema na mbuzi wa jirani. Walimu walimhamisha dawati hili hadi lile mpaka madawati yakaisha. Msasa alikuwa akijiuliza ni mwanamume gani atakayezistahimili kelele hizo. Hakuwahi kuota kwamba kuna watu watamwajiri binti yake ili aseme.

Lakini walimwajiri. Kituo cha televisheni cha mji ule kilimchukua awe mtangazaji wa hali ya hewa, kila jioni baada ya taarifa ya habari. Mji mzima ukamwona. Wateja walipoingia saluni walianza na yeye kabla ya salamu.

"Mzee Msasa, binti yako jana alipendeza! Lile gauni la njano, loo!"

"Ee, ahsante," Msasa anajibu, huku mashine inanguruma. "Lile la njano."

Gauni lenyewe hakuliona. Mji mzima ulimwona Chiriku isipokuwa baba yake, na sababu ilikuwa ya kuchekesha kama inampata mtu mwingine. Nyumba ya Msasa ilikuwa mteremkoni, chini kabisa ya kilima kilichobeba mnara wa kituo kile. Akifungua mlango asubuhi, cha kwanza kumwamkia ni mnara. Jua likipanda, kivuli cha mnara kinapita uani kana kwamba kinakagua nguo zilizoanikwa. Ila akiwasha televisheni anapata chenga tupu, utadhani kuna mtu anapepeta mchele ndani ya kioo, na sauti ya mwanawe inatokea kwa mbali: "...mawingu... mashariki... msisahau miavuli..."

Aliita fundi. Fundi akapanda paa, akaizungusha antena huku na kule, akashuka anapangusa mikono.

"Mzee, wewe unakaa kwapani mwa mnara. Mawimbi yanatoka kule juu, yanakuruka, yanaenda kuwaangukia wenzako huko mjini. Ungekuwa mbali kidogo ungepata vizuri."

"Kwa hiyo nimkimbie mwanangu ndiyo nimwone?"

"Sayansi ndivyo inavyosema, mzee."

Siku hizo simu ya mkononi kazi yake ilikuwa kupiga na kupokea, basi. Haikuwa na picha ya kumsaidia mtu. Msasa akaamua kwenda kumtazama binti yake kwenye hoteli ya karibu na saluni, mahali watu wanapokunywa chai wakiangalia habari. Chiriku akatokea kwenye kioo, amesimama mbele ya ramani, anacheka. Moyo wa baba ukajaa. Kabla haujamwagika, kijana mmoja mezani kwa nyuma akasema, "Huyu dada mzuri jamani! Sijui kaolewa?" Mwenzake akajibu, "Mvua akiitangaza yeye, mimi nakubali kuloa." Msasa akageuka. Yaliyofuata hayakumpendeza mwenye hoteli, kwa kuwa vikombe viliingia ndani ya ugomvi usiovihusu. Akaombwa kwa heshima asirudi pale wakati wa habari.

Ndipo akalikumbuka dishi. Msasa alikuwa na dishi, liko juu ya paa limeegemea upande kama kofia ya mlevi, na kwa dishi lile alizipata chaneli za dunia nzima. Aliwatazama Wachina wakikaanga vitu asivyovijua na Wazungu wakiteleza kwenye barafu. Alijua hali ya hewa ya miji asiyoweza hata kuitamka. Sasa kama dishi linafika huko kote, litashindwaje kufika kilimani hapo? Akapiga simu kwenye kampuni ya madishi.

"Karibu huduma kwa wateja, nikusaidie nini, mpendwa?" Ilikuwa sauti ya msichana, tamu kama uji wa sukari.

Msasa akaeleza.

"Chaneli hiyo tunayo, mpendwa. Ila kwako hatuwezi kuifungua. Sheria inatukataza."

"Sheria gani hiyo inayomkataza mtu kumwona mwanawe?"

Msichana akamweleza taratibu. Wakubwa walikaa wakaona kampuni za madishi zitavimeza vituo vidogo vya mikoani. Wakapitisha kwamba nyumba yoyote inayofikiwa na mnara wa kituo itazame kituo hicho kwa antena yake, na dishi lisikionyeshe. Wanaoruhusiwa kukipata kwa dishi ni wale walioko nyuma ya milima, kusikofika mawimbi ya mnara.

"Na wewe, mpendwa, ngoja nitazame ramani... Haa! Wewe uko karibu na mnara kuliko wateja wetu wote!"

"Karibu ndiyo, lakini sioni kitu!"

"Ramani inasema unaona."

"Hiyo ramani inatumia macho ya nani?"

Msichana akacheka, kisha akamhurumia. Akamwambia kuna njia moja. Aombe kupimiwa. Mkaguzi atakuja na vyombo vyake, na akithibitisha kwamba picha haionekani, sheria yenyewe itamfungulia. Msasa akaomba papo hapo. Chiriku aliposikia akajishika kichwa. "Baba, wakijua kazini kwamba baba wa mtangazaji analalamikia mnara wetu, nitaficha wapi uso?" Baba akamjibu kwamba uso wenyewe ndio unaotafutwa.

Wiki aliyoambiwa mkaguzi atakuja, mama mkwe naye akaja.

Msasa hakuwa na ugomvi na mama mkwe wake, na wala hakuwa na mazoea naye. Yule mama alikuwa mwembamba, mnyoofu, mwenye macho yanayomwona mtu mpaka mifukoni. Tangu Msasa alipooa, alikuwa akienda ukweni kama mtu anayeenda kung'olewa jino: anakaza moyo, anakaa kidogo, anarudi akishukuru yamekwisha. Mbele ya mama yule, kinyozi mwenye maneno yote yale alibakiwa na mawili, "ndiyo, Mama" na "kweli, Mama."

"Nimekuja kumwona mjukuu wangu kwenye hiyo televisheni," mama mkwe alitangaza kabla hajaketi. "Kule kwetu milimani hatuna chochote. Nasikia mji mzima unamwona."

"Ndiyo, Mama," alisema Msasa, akamtazama mkewe, na mkewe akatazama dari.

Siku ya kupimwa, mkaguzi alichelewa mpaka jioni. Alikuwa bwana mfupi, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono inakata, na mlingoti wa chuma begani. Mama mkwe alikuwa amejinyoosha chumbani, na Msasa alimwomba Mungu kimoyomoyo ampe usingizi mzito. Mkaguzi akasimika mlingoti wake uani, akatikisa kichwa. Akaingia sebuleni, akawasha televisheni. Chenga. Akaigeuza antena kulia. Chenga. Akaigeuza kushoto. Chenga na mluzi.

"Hali ni mbaya kweli, mzee wangu," alisema mkaguzi. "Sijawahi kuona mtu aliye chini ya mnara akapata adhabu kama hii."

Msasa nusura amkumbatie. Kalamu ya mkaguzi ilikuwa imeshatoka mfukoni, wakati ndani ya zile chenga sauti iliposikika: "Hamjambo watazamaji, na sasa ni hali ya hewa..."

Mlango wa chumbani ukafunguka.

"Hiyo si sauti ya mjukuu wangu?" Mama mkwe alitokea na fimbo yake ya chuma ya miguu minne, ile aliyopewa hospitali alipovunjika nyonga. Hakumsalimu mtu. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani, akaketi, mkono mmoja juu ya fimbo, na kiwiko cha mkono wa pili akakiegemeza kwenye nondo za dirisha.

Picha ikatulia.

Haikuja nusu nusu. Ilikuja yote, safi, na rangi zake. Chiriku alikuwa amesimama mbele ya ramani katika lile gauni la njano, nywele kazibana, vidole vinacheza hewani, mdomo unakwenda vilevile kama alivyokuwa akisema na mbuzi wa jirani.

"Mwanangu!" Msasa alipiga kelele. "Mwanangu yule! Mama Chiriku, njoo! Mtazame alivyo!" Machozi yakamtoka bila kubisha hodi. Mkewe akaja mbio na mwiko mkononi, wakasimama wote wawili wameshikana mikono wanasikiliza habari za upepo wa kusini kana kwamba ni habari za ukombozi. Tangazo la sabuni lilipoanza ndipo Msasa akakumbuka kwamba ana mgeni.

Mkaguzi alikuwa anaandika.

"Picha mnayo," alisema. "Tena nzuri kuliko kwangu."

"Bwana mkaguzi, subiri! Hiyo picha si ya antena. Ni ya mama!" Msasa akapiga magoti kidogo mbele ya kiti. "Mama, naomba uinue kiwiko."

"Niinue kiwiko changu kwa nini?"

"Kidogo tu, Mama, nakuomba."

Akakiinua. Chenga. Akakirudisha. Tangazo la sabuni likarudi, povu linaonekana moja moja.

Mkaguzi akajikuna shingo. Kwa miaka yote ya kazi yake hakuwahi kukutana na jambo hili. "Sheria inasema picha ikipatikana kwa kifaa cha kawaida cha nyumbani, basi nyumba hiyo inafikiwa na mnara."

"Lakini bwana, mama mkwe si kifaa!"

"Nani hafai?" Sauti ilitoka dirishani kama kiboko.

"Hapana, Mama, nimesema kifaa..."

"Nimesikia. Nimekupa binti yangu mkubwa, nimekulelea watoto wakiugua, leo mbele ya mgeni unasema sifai?"

"Unafaa, Mama! Unafaa sana!"

"Umesema mwenyewe anafaa," mkaguzi alisema akifunga mkoba wake. "Na mimi naandika ninachokiona. Nimeona picha." Akabeba mlingoti wake, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Basi Msasa, ambaye tangu mama mkwe aingie alikuwa akitafuta njia ya kumuuliza atarudi kwake lini bila kuonekana anauliza, usiku ule alimwomba mkewe ambembeleze mama yake akae. Akae sana. Akae apendavyo.

Mama mkwe akakaa, na hakuchukua muda kuijua thamani ya kiwiko chake. Kiti cha dirishani kikawekewa mto. Chai yake akaileta Msasa mwenyewe. Chai ikiwa haina sukari ya kutosha, kiwiko kilipanda taratibu, na Chiriku akatoweka katikati ya mawingu ya kaskazini.

"Sukari, Mama! Sukari inakuja!"

Jambo ambalo hakulitarajia ni kwamba walianza kuzungumza. Huwezi kukaa na mtu kila jioni mkimtazama mtoto mmoja mkabaki mabubu. Mama mkwe alimsimulia jinsi mkewe alivyokuwa mbishi utotoni. Msasa alimnyoa nywele zake nyeupe, akazitengeneza vizuri, na yule mama akajitazama kwenye kioo muda mrefu. "Kumbe ndiyo maana wanakulipa," alisema. Kwa kinywa chake, hayo yalikuwa mashairi ya sifa.

Lakini mtu mzima ana kwake. Siku moja mama mkwe alisema kuku wake wamemkumbuka, mahindi yamekomaa, na mkono nao umekufa ganzi kwa kuegemea chuma. Msasa hakubisha. Alimwongezea sukari kwenye chai bila kuombwa. Kisha akauliza, "Mama, kule kwenu milimani mnara wetu hauonekani?"

"Nimeshasema hatuna chochote. Milima imeziba kila kitu."

Msasa akainuka kama aliyeumwa na siafu, akaikimbilia simu. Yule msichana mwenye sauti ya uji akatazama ramani, na safari hii akafurahi kabla yake. "Huko mnaruhusiwa kabisa, mpendwa! Huko ni nyuma ya milima. Sheria inawaruhusu bila kupimiwa."

Walipomsindikiza mama mkwe wakiwa na televisheni yao, dishi la Msasa lilisafiri naye nyuma ya gari la muuza mbao, limefungwa kamba kama mfungwa. Fundi alilipandisha juu ya paa la ukweni, akalielekeza angani, na Chiriku akatokea katika nyumba ambayo kabla ya hapo haikuwahi kumwona mtangazaji wa aina yoyote. Majirani walijaa mpaka mlangoni. Hakuna aliyethubutu kuuliza kama kaolewa, maana bibi yake alikuwa pale na fimbo.

Tangu siku hiyo Msasa akawa anafunga saluni mapema kila Jumamosi. Wateja wakimuuliza anakwenda wapi, anajibu, "Ukweni," na wenye wake zao wanamtazama kama mgonjwa. Alikuwa akifika na wembe wake mfukoni, akiwanyoa wazee wa kule uani mpaka jioni, huku mama mkwe anamkosoa kutoka kibarazani.

Jumamosi moja walikaa wawili tu mbele ya televisheni, chai mezani. Chiriku akaigeukia ramani. "Na kwa ndugu zetu wa nyuma ya milima," alisema akitabasamu, "tarajieni mvua kubwa jioni ya le—"

Mabati yakaanza kulia juu yao, matone kwanza, kisha kishindo, na kioo kikawa cheusi. Katikati kulikuwa na maandishi madogo yanayosema hakuna mawimbi.

Mama mkwe aliyatazama maandishi yale, akatazama paa.

"Huyu mtoto katangaza mvua au kaiita?"

"Hata mimi nashangaa, Mama."

"Basi usishangae umekaa. Nguo zangu ziko kwenye kamba."

Msasa akajifunika gunia kichwani, akatoka mbio uani kuanua nguo.