Karanga Safi za Wifi Hildegarda

Kama hujawahi kuona mtu akigombana na karanga, njoo Zombo umwone wifi yangu Hildegarda. Anakaa mkekani, ungo mapajani, miwani ya marehemu kaka yangu puani, anachambua punje moja moja. Iliyosinyaa, nje. Yenye ukungu, nje. Iliyotobolewa na mdudu, hiyo anaisonya kwanza ndipo aitoe.

Zamani hakuwa hivyo. Sisi sote tulikuwa tukizinyunyizia karanga maji kabla ya kubangua, maganda yalainike, vidole visituume. Akaja bibi shamba Yudith na pikipiki yake, akatuambia maji hayo ndiyo yanayokaribisha kuvu, na kuvu ndiyo inayoleta sumukuvu. Huioni, huionji, na hata ukichemsha mpaka kesho haitoki. Inaharibu ini taratibu, na mtoto mdogo inamdumaza. Wengine tukaguna. Hildegarda akasimama, akasema, "Mwanangu, mimi nimeelewa." Weee! Tangu siku hiyo tukakosa raha. Anapita nyumba kwa nyumba kukagua maturubai ya kuanikia, na akikuta umeanika chini kwenye udongo, utamsikia hadi ng'ambo ya mto.

Lakini haki yake tumpe, karanga zake zilikuwa safi. Mnunuzi anayezipeleka Mikumi, zikauzwe kwa wasafiri barabarani, alizipima kwa kikaratasi chake cha kuonyesha sumukuvu, akatabasamu mwenyewe. Cheti cha mkulima bora kikatundikwa sebuleni, juu ya picha ya ndoa. Kaka yangu, Mungu amrehemu, akashushwa.

Kilichomkondesha Hildegarda ni mjukuu wake Brightness, aliyeachiwa na binti yake anayefanya kazi Morogoro. Mtoto ana miaka miwili na nusu, lakini ukimbeba unadhani umebeba kuku. Kila akipelekwa kliniki, mstari kwenye kadi umelala. Jumuiya nzima tulimwombea. Bibi mtu akazidisha uji wa karanga, asubuhi na jioni, mzito kweli kweli. Mtoto anakunywa, na hakui. Nilikuwa nikimtazama na roho inaniuma.

Mwezi wa saba Yudith akaleta wageni kutoka Kilosa waje wamwone mkulima wa mfano. Hildegarda alivaa kitenge cha Pasaka. Akaonyesha turubai, akaonyesha ungo, akaonyesha magunia yaliyoshonwa tayari kwa safari ya Mikumi. Mgeni mmoja, mama mpole, akanyoosha kidole kwenye beseni la zile zilizotolewa.

"Na hizi, mama, unazipeleka wapi?"

Hildegarda akamshangaa. "Hizo si ndizo zetu? Chakula kitupwe, sisi ni wapagani? Namtwangia mjukuu uji."

Yudith alitufundisha mara sita: kausheni, msinyunyize maji, chambueni. Zinazochambuliwa ziende wapi, hakusema. Na sisi hatukuuliza, kwani nani asiyejua? Nzuri za kuuza, mbovu za nyumbani. Ndivyo mama zetu walivyotulea.

"Mama," Yudith akasema polepole, "sumu iko kwenye hizo."

"Najua iko kwenye hizo!" Hildegarda akafoka. "Ndiyo maana siziuzi! Mimi nimuuzie mtu sumu?"

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Nilimwona anavyogeuka kumtazama Brightness, aliyekaa kizingitini na kikombe chake, ndevu za uji mdomoni. Akaenda akampokonya. Mtoto akalia, na bibi akalia kumshinda. Mganga hajigangi, jamani, lakini hii ilizidi. Yudith naye machozi yalimlengalenga, akawa anarudia, "Kosa langu, mama, kosa langu," huku yule mgeni akisema mtoto apelekwe hospitali akapimwe.

Hildegarda hakuwasikia. Alichukua kisu, akapasua mshono wa gunia la Mikumi, akachota karanga safi kwa viganja viwili, akazimimina kwenye kinu.

Mimi sikungoja hata kuaga. Nilikimbia na magoti yangu haya mabovu hadi kwangu, kwa sababu mke wa mwanangu, Agness, ana mimba ya miezi saba, na asubuhi nilimwachia sufuria la zile za nyumbani.

Nilimkuta anakomba bakuli.

"Shikamoo mama," akaniambia, anacheka. "Mboga ya leo imekolea karanga!"