Kila Sherif Nilimurudisha Kwao

Ulishaka ona mutu analipwa juu ya kutafsiri luga yenye hajue? Eh! Basi sikiliza ku telefone, mujukulu yangu, ule mutu ni miye. Masomo yangu iliishiaka deuxième primaire, mwaka ya pili tu. Mu Français nilikuwa najua bonjour, merci, na « haut les mains », mikono juu. Na kwa ile tu nililisha batoto ine.

Siku ya kwanza ya ile kazi nilikuwa ku mulango ya sale ya vidéo, nyumba ya kuonyesha filme, hapa Butembo, nauzisha beignets, ile mandazi. Inje kuko groupe, ile machine ya kutoa umeme, inakohoa sawa muzee. Ndani batu banapiga makelele, kwa sababu mutafsiri, ule mwenye kusimama kando ya televizyo na kueleza filme mu Swahili, meno ilikuwa inamuuma, shavu imevimba sawa papayi. Patron, mwenye sale, mukristu wa Protestant mwenye kuuzisha bitenge, akatoka, akaniangalia.

« Mama, kila siku nakusikia hapa, unaeleza filme kwa batu bako ba beignets, na hauione ata. »

« Nasikia tu bunduki, Patron. »

« Ingia. Leo utaona na bunduki. »

Nikaingia na unga ku mikono.

Ile kazi iko na akili yake. Mutu mubaya, umutaje mbele apige bunduki, batu bapate wakati ya kumuchukia. Farasi ikikimbia, nyamaza, farasi inajisemea yenyewe. Bazungu bakiongea sana bila kupigana, weka pale mambo ya ndoa. Siku moya kijana akanilalamikia toka nyuma: « Mama, ule muzungu amesema maneno mbili, weye umesema makumi mbili! » Nikamujibu: « Kizungu iko na mafuta mingi, mwanangu, ukikamua inatoka mingi. » Sale yote ikaanguka na kicheko.

Zenye nilipenda zaidi ni filme za basherif bale ba kweli. Sherif ni sawa komanda ya polisi mu inchi ya farasi: nyota ku kifua, muji muzima anaulinda yeye peke yake. Bale ba kweli, balishaka ishi. Ku mwisho banaonyesha foto ya zamani ya mwenyewe, hapana ya acteur mwenye kumucheza, kisha televizyo inakuwa nyeusi, maandiko meupe inapanda. Ile maandiko inasema mutu aliishiaka namna gani.

Mais miye sijue kusoma! Batu banangojea. Donc nikasema yenye roho ilinituma: « Akarudia kwao, akazeeka, bajukulu bakamuzunguka. » Batu bakapiga mikono. Toka ile siku, kila sherif nilimurudisha kwao.

Kisha Patron akanituma Kirumba, kwa sale yake ya pili, chini ya Gérant moya, musimamizi mukali, mwenye kusema: « Mama, filme ni saa moya na nusu. Hapana ndoa mingi! » Pale kila siku ya Mungu, kiisha misa, polisi moya alikuwa anatoka Alimbongo, anapanda ku kamyo, anakuya kukaa ku banc ya mbele. Kijana mupole. Kwao ni mbali, Kindu, mama yake alibaki pale peke yake. Kila filme ikiisha ananiuliza: « Mama, huyu alikuwa mutu wa kweli? »

« Wa kweli kabisa. »

« Na alirudia kwao? »

« Si nimesema? Alirudia, akakuta mama yake ku mulango. »

Anacheka. « Basi na miye ntangoja kwanza galon, ile alama ya cheo ku bega, nirudie mukubwa. Mama atanivumilia. »

Na alivumilia kweli, ule mama: mwaka moya, mwaka ya pili. Barua zikakuya, mama ni mugonjwa. Kijana ananiambia: « Basherif pia balichelewa, mama, si ndiyo? » Na miye, kinywa hii: « Balichelewa, mais balifika. »

Siku moya mwalimu ya masomo akaingia, akakaa kando ya ule polisi. Maandiko ikapanda, nikaanza wimbo yangu ya bajukulu. Mwalimu akasimama. « Mama, samahani. Haiko vile. Banaandika huyu alikufa mu chumba ya hoteli, peke yake. Hakuna ndugu mwenye alimuzika. »

Polisi akageuka kwangu. « Mama, soma. »

Nikaangalia ile maandiko meupe, inapanda tu sawa siafu.

« Sijue kusoma, mwanangu. »

« Na bale bote bengine? »

Akavaa kofia, akatoka. Hatukumuona tena. Gérant alinifokea, mais ile haikuniuma sawa ile banc ya mbele yenye ilibaki wazi.

Nyuma ya miezi mingi dereva ya kamyo akaniletea salamu. Kijana aliomba ruhusa kesho yake, akaenda Kindu. Alikuta mama angali anapumua. Balikaa pamoya wiki tatu, kisha akamuzika na mikono yake. « Anasema anashukuru mwalimu. Na weye, mama, anakusamehe. »

Toka pale sikutengeneza mwisho tena. Kirumba mwalimu alisoma, na kisha, nilipohamia sale ya Beni, ku mutaa ya Beu, mama mwenye kupokea feza ku mulango alisoma, miye ninarudilia tu, ata kama ni mbaya. Kisha telefone zikaingia, kila mutu akatembea na filme mu mufuko, sale ikawa depo ya saruji. Nikarudia Butembo.

Sasa batoto bako Beni na Kampala. Banapigaka telefone: « Mama, uko bien? » Najibu: « Bien kabisa, nyumba imejaa batu. » Haina batu. Iko miye na redio.

Kavira, mujukulu yangu mwenye kuandika hii, alikuwa ananisikiliza ku telefone toka Beni. Nilipofika hapa akauliza: « Koko, na filme yako? Ku mwisho banaandika nini? »

Nikafungua kinywa niseme bajukulu bananizunguka. Ulimi ikakatala.

« Nakulaka peke yangu, Kavira. Kuko siku inapita bila kusema na mutu. »

Kisha akasema: « Koko, masomo ikifunga vakanse, nakuya. Hapana siku mbili, vakanse yote. Siku nitafika, usipike chakula ya mutu moya. »