Chafya ya Mtoto wa Tabutany

Weka begi chini, mwanangu, ukae karibu nami. Kesho unaenda chuoni kusomea malezi ya watoto na familia, na mimi nimefurahi sana. Lakini kuna siku moja ninayoikumbuka, na sitaki uondoke kabla hujaisikia.

Nilikuwa msichana, chai ya huku ikiwa bado changa mashambani. Misheni ilifungua darasa la malezi, nikasoma mwaka mzima: kuogesha mtoto, kumpima kwa mizani, kutambua dalili za ugonjwa. Nikarudi hapa kwetu Kimulot na daftari na aproni nyeupe. Kazi yangu ilikuwa kuwavuta akina mama walete watoto wapimwe kila Ijumaa. Wasipokuja, mizani ingerudishwa misheni, nami ningekosa kazi.

Wiki hiyo jirani yetu Tabutany alikuwa amejifungua. Niliwakuta wanawake wamejaa nyumbani kwake, wanataja majina ya wazee waliofariki, moja baada ya jingine, mtoto amewekewa ugoro kidogo puani. Desturi yetu unaijua: jina likitajwa mtoto akapiga chafya, mzee huyo amekubali, na jina ni lake. Nami niliijua tangu utotoni. Lakini siku hiyo kichwa kilijaa daftari. Mtoto akapiga chafya, nikamnyakua.

"Ana mafua! Tokeni nje, mnamwambukiza!"

"Mafua?" mama mmoja akasema. "Babu yake anaitika, na wewe unamfukuza!"

Wakacheka mpaka machozi. Tabutany hakucheka. Alinyoosha mikono tu. "Nipe mtoto wangu."

Ijumaa nilikaa na mizani yangu tangu asubuhi. Hakuja hata mmoja. Alasiri akapita nyanya yangu, Kogo, na kibuyu chake cha maziwa.

"Kogo, ugoro si mzuri kwa mtoto mchanga," nikajitetea.

"Labda ni kweli. Lakini wewe uliingia kwa watu, hukusalimia, ukanyakua mtoto. Huyo mama ulimwona kweli?"

Nikavua aproni, nikaikunja.

Kesho yake niliacha daftari nyumbani. Nilimsalimia Tabutany, nikaketi, nikamuuliza mtoto anaitwa nani. Akanitajia jina, akanisimulia habari za babu huyo aliyependa nyuki kuliko ng'ombe, tukacheka pamoja. Mwishowe akasema mwenyewe, "Hanyonyi vizuri. Njoo umwangalie." Habari ya ugoro tuliizungumza miezi baadaye, polepole, na ni yeye aliyewaeleza wenzake.

Lakini Ijumaa iliyofuata tu, alifika wa kwanza. Alimweka mtoto kwenye mizani akiita jina la babu kwa sauti, wote wasikie. Nyuma yake walikuwa akina mama sita.

Basi soma kwa bidii, mwanangu, na utakayofundishwa uyashike, maana yatakufaa. Mungu akulinde njiani, aibariki mikono yako na kila mtoto utakayempakata. Na ukiingia nyumba ya mtu, salimia, keti, uulize mtoto anaitwa nani na jina amelitoa wapi. Sikiliza mpaka mama amalize. Halafu fungua daftari.