Tundu la Nane

Zamani mtaa mzima ulimtambua mtu kwa nuru ya taa yake ukutani kabla hajabisha hodi. Siku hizi kila dirisha linatoa mwanga uleule mweupe, na anayepita nje hujui kama ni jirani au mwizi.

Taa hizo zilitoka mikononi mwa Fundi Makopo. Alijaza mchanga mbichi kwenye kopo tupu la maziwa, akaushindilia ili bati lisibonyee, akalitoboa kwa msumari, kisha akamwaga mchanga na kusimamisha mshumaa ndani. Kila nyumba ilikuwa na nakshi yake. Ya kwake ilikuwa duara la matundu manane, la nane limechanika, maana siku hiyo alikuwa na haraka, hakutia mchanga.

"Fundi wa watu, taa yako mwenyewe ina pengo," mkewe alimtania. Lakini hakutaka nyingine.

Jioni moja ya mvua, mkewe na dada wa mkewe waliichukua kwenda kumjulia hali mgonjwa ng'ambo ya mto. Daraja la mbao lilikatika. Hawakupatikana, wala taa haikupatikana. Miaka ishirini na mmoja Fundi alikataa kuhama, wasije wakarudi wakakuta nyumba ina wageni.

Juzi binti yake alikuja kumchukua.

"Baba, paa linakuangukia. Unamngoja nani?"

"Mwenye taa."

"Mama alishafariki."

"Ulimzika wewe?"

Jua lilikuwa limezama, na mara umeme ukakatika. Ukutani, juu ya kitanda, likatokea duara la nuru: matundu saba safi, la nane limechanika. Likasogea polepole kuelekea mlangoni.

"Baba," binti alinong'ona, "nani huyo anapita?"

Fundi alifungua mlango. Miguuni pake palikuwa na kopo lililoliwa na kutu, limejaa mchanga mbichi wa mto, umeshindiliwa sawasawa kama anavyoshindilia yeye. Hapakuwa na mshumaa.

Taa yake ilikuwa imerudishwa; akaelewa kwamba wenyewe hawarudi.

"Nipe koti langu, mwanangu. Twende."

Kwenye kona ya uchochoro, wanawake wawili walikuwa wakitembea bila haraka chini ya mwavuli mmoja, na mvua haikuwapo. Hakuwaita. Mkewe hakupenda kuitwa barabarani. Wakapinda kona, na hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyowaona.