Tisa kati ya Kumi Wanaipenda

Nimemaliza chuo juzijuzi, na nilitaka mama yake Furaha, mpenzi wangu, anione nina akili ili akubali posa yangu. Jumapili alikuwa akiuza pilipili yake ya kusaga kanisani kwetu huku ughaibuni, mtaa wa Rexdale, chini ya tangazo: "Watu tisa kati ya kumi wanaipenda."

"Mama, uliwaonjesha wangapi?"

"Kumi."

Nikamweleza, kwa sauti ya mhadhiri, kwamba kumi ni wachache mno, na huenda walimsifu kwa adabu tu. Wateja wakageuka kunisikiliza. Nikanogewa.

"Kweli, mwanangu," akasema. "Wote kumi walisifu. Mmoja nikamtoa mwenyewe. Alisema 'tamu sana, Mama' huku machozi yanamtoka, kisha akaitema kwenye leso. Ile leso umeshaifua?"