Nilivyobadilisha IC za memori huku kuku ameatamia kompyuta: Idi ya mjomba, Ruangwa

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za majukumu.

Leo nimeona jamaa humu anauliza kama bodi ya kompyuta ya zamani inaweza kufufuliwa kwa kubadilisha IC za memori, vile vidude vyeusi vyenye miguu vinavyotunza kumbukumbu. Nikacheka peke yangu mpaka wife akauliza kulikoni. Ngoja niwape mkasa wangu. Sipunguzi wala siongezi, na kama humu kuna mtu aliyekuwepo Ruangwa Idi ile, anisahihishe hapa hapa bila kuoneana aibu.

Ilikuwa mwaka 2000 au 2001, sikumbuki vizuri, ila Ramadhani iliangukia mwisho wa mwaka, msimu wa korosho unaishia ishia na mvua zimeanza.

Mimi nilikuwa fundi redio pale Nachingwea. Nilishapita chuo kidogo Dar, kwa hiyo mtu akisema "elektroniki" wilaya nzima wananinyooshea kidole mimi. Sifa hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mjomba wangu, tumwite Mjomba Bakari, alikuwa anaishi Ruangwa. Mtu wa mawazo makubwa. Mwaka ule alikodisha shamba lake la ufuta ili ajenge banda la video. Mkewe, Mama Zaituni, akaacha kuongea naye. Anampikia, anamfulia, lakini neno hakuna.

Sasa kulikuwa na mwalimu mmoja mzungu wa kujitolea anarudi kwao. Mjomba akachukua kwake kompyuta ya kizamani, ile ambayo kibodi ndiyo kompyuta yenyewe, unaichomeka kwenye TV. Ndani yake kulikuwa na gemu la mpira.

Mjomba akapanda baiskeli na kipaza sauti, akazunguka Ruangwa nzima: "Idi Mosi, Ruangwa na Nachingwea, mpira wa ndani ya TV!" Hakuishia hapo. Akatuma salamu kwa vijana wa Nachingwea kwamba waje na leso za kufutia machozi. Vijana wakakodi lori kabisa.

Halafu kompyuta ikafa.

Mjomba alinifuata Nachingwea mwenyewe, kompyuta ameifunga kwenye shuka kama mtoto mwenye homa.

"Mpwa wangu," akasema, "hii kitu ukishindwa, mimi nahamia Msumbiji. Na mkeo utamwambia umemfukuza mjomba wako nchini."

Nikaifungua. Ukiwasha, TV nyeusi, hakuna herufi hata moja. Kwenye bodi kuna IC nane za memori zimejipanga mstari kama wanafunzi paredi. Nikazigusa moja moja kwa kidole. Ya kwanza ya kawaida. Ya pili ya kawaida. Ya tatu, mama yangu! Kidole kilitoka na malengelenge. Na ya sita nayo moto vilevile.

Nikajua memori imekwenda. Zilikuwa za umri mmoja, kwa hiyo bora kubadilisha zote. Lakini Nachingwea ya wakati ule unapata wapi IC za memori? Dar ni mbali, barabara ya Kibiti ukiikumbuka na mvua ile unaweza kulia.

Ndipo nikakumbuka kijiji cha Mnero.

Kule kulikuwa na bibi mmoja, Bibi Anastasia, aliyewahi kumpikia mzungu wa mradi wa maji. Mzungu alipoondoka alimwachia kompyuta mbovu ya ofisini, lile dude la bati. Niliiona nilipokwenda kumtengenezea redio. Kompyuta za aina ile zilitumia IC zilezile, tena nyingi zimechomekwa tu kwenye soketi, unazing'oa bila kuyeyusha risasi ya kuchomelea.

Nikamwambia mjomba atangulie Ruangwa na kompyuta yake, mimi nikashika baiskeli.

Bibi alinipokea vizuri. Nikaeleza shida yangu. Akanipeleka jikoni, akanyoosha mkono.

Wakuu, mfuniko wa kompyuta haupo. Ndani mmejaa majani makavu. Juu ya majani amekaa kuku ameatamia, ananiangalia kwa jicho moja.

"Hiyo kompyuta chukua tu, mjukuu wangu," bibi akasema. "Lakini kuku wangu humtoi."

"Bibi, nikimhamishia kwenye tenga?"

"Atasusa mayai. Wewe utakuja kuyalalia?"

Nikajaribu kupitisha mkono taratibu chini yake. Kuku yule alinidonoa palepale kwenye malengelenge. Nilitoka jikoni bila kuamua kutoka.

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia nisubiri, kuku mwenyewe atatoka kula na kunywa maji, hapo niingie.

Basi fundi mzima, na cheti, nikakaa kwenye kigoda namsubiri kuku asikie njaa. Majirani wanapita, wananisalimia, wanamuuliza bibi kwa Kimwera mgeni amekuja kufanya nini. Bibi anawajibu kirefu, wote wanacheka. Sijui alikuwa anawaambia nini mpaka leo.

Hatimaye kuku akatoka.

Nikaruka. Nikayasogeza mayai pembeni, nikafukua majani, nikaona bodi. Imepakwa kinyesi cha kuku kama plasta. Nikachomeka bisibisi chini ya IC, nikanyanyua, ikatoka. Ya pili, ikatoka. Bibi yuko mlangoni ananitangazia kama mtangazaji wa mpira:

"Anakula... anakunywa... anajikung'uta... mjukuu, anarudi!"

"Mwongezee mtama bibi!"

Akamwongezea. Nikapata ya nane, nikapata na ya tisa ya akiba, nikarudisha majani na mayai, nikatokea dirishani maana mlangoni tayari kuku amefika na mabawa ameyafungua.

Tatizo likawa uchafu. Miguu ya IC zile ilihitaji spiriti, na spiriti sina. Bibi akaingia ndani akatoka na chupa ya soda imezibwa kwa gunzi. Gongo ya mabibo, pombe kali ya kienyeji, ukiinusa machozi yanakulengalenga. Nikazisafisha, zikang'aa. Akanipa na iliyobaki niende nayo.

Hapo ndipo nilipokosea hesabu, wakuu. Barabara ya Ruangwa kwa baiskeli, matope na mashimo, chupa ikamwagikia begi, begi likanimwagikia mgongo.

Nikafika kwa mjomba siku ya mwisho ya mfungo, watu wanasubiri adhana ya magharibi. Mkeka umeshatandikwa, uji na mihogo viko tayari, mjomba na kofia yake. Nikaketi. Pua yake ikaanza kufanya kazi.

"Mpwa wangu, hiyo harufu ni ya nini?"

"Ya kusafishia kompyuta, mjomba."

"Kompyuta inakunywa gongo?"

"Si kunywa, inaoga."

"Na wewe ulioga nayo?"

Halafu Mama Zaituni, yule ambaye hakuwa amesema neno na mumewe tangu shamba likodishwe, akapasuka kwa kicheko. Akasema, "Bakari, huyu mtoto ameteseka kwa ajili ya wazimu wako. Mwache ale."

Mjomba alifurahi kusemeshwa mpaka akasahau gongo. Ila nilifuturia uani, upande ambao upepo unaelekea porini.

Asubuhi ya Idi, baada ya swala, nikaingia bandani na kanzu yangu. Jenereta likawashwa. Zile IC za zamani nilizikata miguu, nikatoa mguu mmoja mmoja kwa joto, nikasafisha matundu, nikachomelea mpya. Kila IC ina miguu kumi na sita, jenereta linatetemesha meza, nje watu wameshaanza kujaa na lori la Nachingwea linapiga honi.

Nikawasha. TV nyeusi.

Mjomba akaniangalia. Sijawahi kuona mtu mzima anaangalia hivyo.

Nikagusa tena moja moja. Ya tano, moto! Kuangalia vizuri, kile kialama cha pembeni kinachoonyesha mbele na nyuma kimeangalia kinyume na wenzake. Nikazima haraka, nikaitoa, nikaweka ile ya akiba.

Nikawasha tena. Skrini ikawa nyeupe, maandishi yakatokea kwamba mashine iko tayari.

"Imesema nini?" mjomba akauliza.

"Inasema Idi mubarak."

Akapiga takbira, banda zima likaitikia.

Gemu lenyewe lilikuwa kwenye kaseti ya redio. Ukiiweka, kompyuta inapiga kelele kama mbuzi anayechinjwa. Watu walikaa kwa adabu kuisikiliza mpaka mwisho, mzee mmoja akatikisa kichwa akasema sauti nzuri ila maneno hayashiki.

Mpira ukaanza. Na hapo ndipo sote tukagundua kitu ambacho hakuna aliyekiwaza: TV ya mjomba haina rangi. Timu zote mbili ni za kijivu. Hata vijana wanaobonyeza kibodi hawajui yupi wa nani.

Goli likaingia. Ruangwa wakashangilia. Nachingwea wakashangilia. Likaingia lingine, wote tena wakarukaruka. Mwisho wa mechi matokeo ni mawili kwa moja, na kila upande unadai mawili ni yake.

Ugomvi wake si wa kawaida. Wakamgeukia mjomba awe mwamuzi. Mjomba akapanda juu ya benchi, akakohoa, akasema: "Mechi ya marudiano kesho. Njooni wote."

Wakaja. Na kesho yake. Na keshokutwa. Mama Zaituni akawa anakaa mlangoni kupokea wageni, anapiga soga na mumewe kama wachumba.

Funzo, wakuu: IC yenye ugonjwa hujitangaza kwa joto, ila gusa kwa kasi. Angalia kialama kabla ya kuchomelea. Na bodi mbovu usiitupe, lakini kabla hujaomba spea chungulia kwanza nani ameilalia.

Vijana mliokuja na lori la Nachingwea, hebu semeni ukweli leo tumeshazeeka: zile timu mlikuwa mnazitofautishaje? Karibuni.